Tarakimu za Kituo cha Saba

Asubuhi ya kumi na moja ya vumbi, Bi Mize Shaame aliketi mbele ya skrini yake akaanza kufuta nafasi zilizo kati ya maneno. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka sita hapa Mirihi, na aliifanya kama wanawake wa kwao Micheweni wanavyochambua mchele: bila haraka, kidole kikifuata jicho, jicho likirudi pale kidole kilipotoka. Kila nafasi aliyoifuta iliokoa herufi moja. Kila mstari mtupu, herufi moja. Jina refu alilifupisha mpaka likabaki herufi mbili. Mashine haihitaji kupumua baina ya maneno. Wanaohitaji kupumua ni watu.

Siku za hewa safi hakuna aliyehesabu herufi. Vituo saba vya bondeni viliunganishwa na kituo cha kati kwa mwali wa mwanga ulioruka kutoka mnara hadi mnara, na mwali ule ulibeba chochote walichoupa: picha, sauti, hata video za harusi za watu waliokwisha kuachana. Lakini vumbi likishuka, mwanga hupofuka. Kilichobaki ni uzi wa redio, mwembamba, na uzi huo ulipitisha kifurushi kimoja tu kila asubuhi. Herufi elfu sitini, wala si moja zaidi. Ndani ya kifurushi zilisafiri kurasa za vituo vyote saba, pamoja na faili moja la mitindo ambalo wote walilitumia.

Watu wengi hudhani mtindo wa ukurasa ni urembo. Bi Mize naye alidhani hivyo, mpaka marehemu Hamad Shehe, aliyemfundisha kazi, alipomfungulia ukurasa usio na mtindo wowote. Maneno yote yalikuwa yameshonana. Onyo la hewa lilikaa sawasawa na habari ya maharage, na mtu hakujua kichwa ni kipi na mguu ni upi.

"Mtindo ndio unaomwambia mtu aanzie wapi kuogopa," Hamad alimwambia, kisha akamsogezea sahani ya tende, kwa sababu aliona amenyong'onyea.

Kwa kuwa skrini za vituoni zilizimwa kila jioni ili kuokoa umeme, na ziliamka asubuhi hazikumbuki kitu, faili la mitindo ilibidi litumwe upya kila siku. Ndiyo maana lilibanwa. Hamad alilibana miaka mingi kabla ya Bi Mize kuja. Aliondoa nafasi, akafupisha majina, akafuta hata maelezo aliyojiandikia mwenyewe kando ya kila kanuni, yale maelezo ambayo mashine huyaruka na binadamu huyasoma. Nakala ndefu, yenye maelezo yake yote, aliiweka ghalani. Mwaka aliofariki ghala liliganda, na nakala ile ikaenda na baridi. Likabaki faili lililobanwa. Lilifanya kazi vizuri tu. Ila halikukumbuka sababu ya jambo lolote.

Shadya aliingia akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikuwa mkuu wa zamu, mwanamke wa miaka thelathini, na kwa hivyo alikuwa bosi wa Bi Mize, lakini hajawahi hata siku moja kukaa kabla bibi hajakaa. Kikombe alikiweka upande wa kushoto. Tangu mkono wa kulia wa Bi Mize uanze kutetemeka, chai ilihamia kushoto, na Shadya hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Habari alizokuja nazo hazikuwa nzuri. Tausi wa Kituo cha Tatu alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na mtoto alikuwa amelala mkingamo tumboni. Gari halingeweza kutembea katika vumbi hili kwa siku tisa, pengine kumi. Daktari Kidawa alikuwa amechora picha kumi na mbili za kumwonyesha Mcha, mume wa Tausi, pa kuweka mikono na namna ya kumgeuza mtoto kidogo kidogo, kila siku kidogo. Bila picha, Mcha angebahatisha. Na daktari alisema wazi kwamba akibahatisha, watakaozikwa ni wawili.

Picha zilihitaji herufi elfu tisa kila asubuhi. Bi Mize aliuliza kama haziwezi kupunguzwa. Shadya akasema daktari amekwisha kuzipunguza mara tatu; mstari mmoja ukiondoka tena, mkono utaonekana upo pasipo pake.

Kufikia saa nne Bi Mize alikuwa amekamua elfu nne na mia tisa. Zilibaki elfu nne na mia moja, na hapakuwa tena na nafasi ya kufuta, wala jina la kufupisha. Basi akafungua kichujio, ile programu inayosoma kumbukumbu za nyuma na kuonyesha kanuni zipi za mitindo hazijawahi kumfikia msomaji yeyote. Kikatoa jina moja tu: k7, maana kanuni zote Hamad aliziita k na namba. Ukubwa wake herufi elfu nne na mia moja. Mara ya mwisho kutumika: hakuna.

*

"Ni kitu gani hicho, bibi?" Shadya aliuliza.

Bi Mize hakujua. Ndani ya k7 mlikuwa na maumbo fulani yaliyochorwa kwa namba, vipande vipande, vimefungamana kama mizizi ya mpunga. Umbo moja liliazima kipande kwa jingine, na hilo likaazima kwa la tatu. Palikuwa na rangi mbili, nyeusi na njano. Hamad aliyabana sana. Maelezo ya kandoni, ambayo yangesema haya ni ya nani na kwa nini, ndiyo yaliyofutwa.

"Kama halitumiki, linatula bure," Shadya alisema, si kwa ukali.

Nyumbani kwao, kitu cha mtu hakitupwi kwa sababu tu mwenyewe haonekani. Lakini kumbukumbu zilikuwa wazi, naye aliziamini, kwa sababu alijua zinavyohesabiwa.

Hesabu ile ilitokana na desturi ya Hamad mwenyewe. Kila ukurasa ulipofunguka, neno la kwanza lilikuwa salamu: *Shikamoo*. Chini yake kilikuwepo kisanduku kilichoandikwa *Marahaba*. Msomaji alikigusa, na nukta moja ikarudi juu ya uzi mwembamba mpaka kituo cha kati. Hapo ikaandikwa kuwa ukurasa umesomwa, na mitindo yake pia, na mwenyewe yu hai. Hamad alisema ukurasa ni mtoto wa jana, haufai kuingia nyumbani kwa watu bila kuamkia. Bi Mize aliipenda desturi hiyo akaiacha ilivyo. Yeye aliongeza kitu kimoja tu: chini ya kila ukurasa aliandika neno lake, mistari mitano au sita kwa kila kituo, na jina lake. Alimuuliza wa Kituo cha Pili juu ya jino lake. Alimkumbusha wa Kituo cha Tano kwamba mwanawe huko duniani leo anafanya mtihani. Siku aliyotimiza umri mpya aliwaambia umri wake, akawatania kwamba bado ana meno ya kutafunia bisi.

Nukta sita zilirudi kila asubuhi. Kwa Bi Mize, aliyemzika mume duniani na hakupata kuzaa, nukta zile ndizo zilizokuwa watu wa nyumbani.

Ya saba haikurudi. Kituo cha Saba kilikuwa mwisho kabisa wa bonde, cha zamani kuliko vyote, na mlinzi wake, Kombo Faki, alikuja na watu wa kwanza. Bi Mize hajawahi kumwona. Miaka sita alimwandikia neno lake kila siku, na miaka sita hapakuja jibu. Mwaka wa kwanza alijiuliza amemkosea nini. Mwaka wa pili alimwandikia maneno mazuri zaidi. Baadaye akakubali kwamba wako watu ambao upweke ukishawakaa hawataki mtu augonge mlango, akaendelea kumwandikia hivyo hivyo, mafupi. Hakuna aliyemhofia, maana pampu yake ya hewa ilionekana kwenye waya wa umeme ikifanya kazi barabara. Ilijulikana kwamba ameitega ijiendeshe.

Alinakili k7 mahali pa salama, kwa sababu Hamad alimfundisha hivyo. Kisha akaifuta. Picha za daktari zikaingia zote kumi na mbili, na kifurushi kikafunga.

*

Kesho yake nukta ya Kituo cha Tatu ilirudi baada ya dakika mbili, na Daktari Kidawa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi Mize tangu alfajiri, aliweka mkono begani kwake akauacha hapo kidogo. Mcha amezipata picha. Nukta nyingine tano zikafuata.

Ukutani palikuwa na mishale saba, kila mshale ukionyesha umeme unaotumiwa na pampu ya kituo kimoja. Kila ukurasa ulibeba tarakimu ya siku, yaani koki ya hewa ifunguliwe hadi ngapi, kulingana na uzito wa vumbi. Siku hiyo ilikuwa tatu. Mishale sita ilikuwa imesimama kwenye tatu kifurushi kilipofika tu, kwa sababu pampu za vituo hivyo zilijisomea zenyewe. Mshale wa Kituo cha Saba ulikaa palepale ulipokuwa jana kwa muda wa saa nzima. Kisha ukapanda, ukapita tatu, ukapita tano, ukasimama kwenye nane.

Shadya alisema mtambo wa mzee umeharibika, vumbi limeingia. Alipiga hesabu. Koki ikikaa kwenye nane, hewa ya akiba ya Kituo cha Saba itakwisha kwa siku nne.

Siku ya pili tarakimu ilikuwa sita. Mshale wa Saba ulikaa saa moja na robo haujagusika. Halafu ulitikisika kidogo, ukabaki nane.

Bi Mize aliutazama muda mrefu. Aliomba kumbukumbu za mshale ule za miaka yote sita, Shadya akamletea. Akazisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Kila siku, miaka sita, pampu sita zilibadilika papo hapo. Ya saba ilibadilika baada ya dakika kumi. Mara nyingine tisa, mara nyingine kumi na mbili. Siku za Idi ilichelewa, ikafika nusu saa. Na haikuwahi kukosea.

"Pampu hii haijiendeshi," alisema.

"Kila mtu anajua inajiendesha, bibi."

"Mashine haikosei tatu kwa nane, mwanangu, wala haikosei sita kwa nane. Wala haihitaji saa nzima kuikosea tatu. Hayo ni macho. Kuna mtu pale anaukaribia ukurasa mpaka pua inagusa, na haoni."

Shadya alikwenda kwenye daftari la vifaa. Skrini ya Kituo cha Saba ilikuwa ya watu wa kwanza, ya mwisho ya aina yake bondeni. Ilionyesha maandishi ya ukubwa mmoja, madogo kama ufuta, na haikujua kuyakuza. Ilijua kuchora tu, kama mtu akiipa umbo la kuchora. Bi Mize aliifungua nakala ya k7, akaiwekea rangi zake, akaiagiza ichore. Ikajaa skrini yake yote: tarakimu nyeusi juu ya njano, nene kama mikono ya mpishi, sifuri hadi tisa.

Alikuwa amemnyang'anya mtu macho yake, na kwa siku mbili akalala usingizi mzuri.

"Lakini hajawahi kuitikia," Shadya alisema polepole. "Kama alikuwa anasoma siku zote, kwa nini hakugusa hata mara moja?"

Bi Mize aliomba daftari la walinzi. *Kombo Faki Juma, wa Wingwi.* Wingwi na Micheweni ni jirani, mtu huenda na kurudi kwa miguu kabla jua halijawa kali. Umri: miaka sabini na saba. Yeye ana sabini na tisa. Na kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe, aliwaandikia umri wake.

Akalifunga daftari.

"Nyinyi vijana mnapoona shikamoo pale mnajua ni mashine inayosema," alimwambia Shadya. "Mnagusa, yamekwisha. Yeye, tangu macho yalipokuwa na nguvu kidogo, anajua chini yake kuna jina langu, na kwamba nimemzidi miaka miwili. Mtu wa Wingwi aliyelelewa ataipokea vipi shikamoo ya mkubwa wake? Angalikubali kufa kwanza. Basi ameiacha hapo kila siku haijaguswa. Ni adabu. Mimi nikaiita upweke."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida. Shadya akageukia mishale, akaitazama kwa bidii kuliko ilivyohitaji kutazamwa.

*

Kuitambua k7 hakukuongeza nafasi. Kifurushi kilikuwa kimejaa mpaka kwenye ukingo. Bi Mize alijaribu kutoa tarakimu ya siku peke yake, moja tu, aitume bila wenzake. Ikaanguka. Nane ilikuwa imejengwa kwa tatu mbili zinazotazamana, tatu imeazima upinde kwa tano, tano imeegemea saba. Hamad aliyefunga fundo angeweza kulifungua, au nakala yenye maelezo yake. Mtu mwingine angehitaji majuma, na hewa ya Kombo ilikuwa ya siku mbili.

Shadya alipanga mambo kama mkuu wa zamu anavyopaswa kupanga. Upande mmoja mama na mtoto, upande wa pili mzee wa miaka sabini na saba. Hakuitamka hukumu. Aliikazia macho meza, na Bi Mize alimwonea huruma, kwa sababu alijua mwanamke huyu hatalala vizuri tena maisha yake yote.

"Usiwapime hao," Bi Mize alimwambia. "Kuna kitu kingine ndani ya kifurushi hatujakipima."

Akaonyesha chini ya kurasa. Maneno yake kwa vituo saba, kila moja kama herufi mia tano, yalikuwa elfu tatu na mia nne. Salamu, kisanduku chake, na msimbo wa kuhesabu nukta vilikuwa mia saba na kumi. Jumla yake ni elfu nne, mia moja na kumi.

Shadya alikataa, na hakukataa kwa ubishi. Alisema watu wale wanaishi mmoja mmoja, au wawili wawili, ndani ya makopo, na nje hakuna kitu isipokuwa vumbi. Wa Kituo cha Tano alimwambia yeye mwenyewe kwamba huamka kwa ajili ya mistari ile. Bila salamu hawatajua kama kuna mtu anayewafikiria, na huku kati hawatajua nani yu mzima. Tena hapakuwa na nafasi hata ya kuwaeleza sababu. Wataamka kesho waone ukurasa mkavu, tarakimu na maonyo, wasijue wamekosa nini.

"Unawachagulia watu wa vituo sita upweke bila kuwauliza," alisema.

"Najua."

"Na wewe je, bibi? Utakaa hapa siku nane na nini?"

Bi Mize alikuwa akifikiri kwamba hili ndilo swali lenyewe, na kwamba si swali la herufi. Maisha yake yote alifundishwa kuwa neno jema ni chakula. Sasa alipaswa kukubali kwamba liko jambo linalotangulia neno jema, nalo ni kumwezesha mtu kuona kilicho mbele yake. Lakini hakuwa na hakika. Mtu hufa pia kwa kukosa kuulizwa hali, ila hufa taratibu zaidi, na hakuna mshale wa kuonyesha. Kama wa Tano atatoka nje siku ya sita bila kofia yake ya hewa, ni nani atakayekuwa amemuua?

"Wao wanaweza kunisamehe baadaye," alisema mwishowe. "Tausi na Kombo wakifa hawatamsamehe mtu. Nimetafuta njia nyingine sijaiona. Kama wewe umeiona, niambie, niifuate."

Shadya alikaa kitako sakafuni, karibu na kiti cha bibi. Akasema basi wafute wote wawili, mkono wake juu ya ule wa bibi, ili siku ya kuulizwa isiwe ni jambo la mtu mmoja.

Wakafuta. Maneno ya jino la mtu wa Pili yakaondoka, na mtihani wa mtoto, na shikamoo ya Hamad. K7 ikarudi mahali pake. Bi Mize alihesabu mara mbili. Zilibaki herufi kumi.

Alijua la kufanya na kumi zile. Herufi kumi zinatosha kuandika *Nipo. Mize*, na hata pale kwenye ukurasa mmoja tu zingekuwa kitu. Vidole vilikuwa vimekwisha kukaa tayari. Ndipo akamkumbuka Daktari Kidawa, aliyeomba jana yake, kwa aibu, kama lingepatikana neno moja tu la kuweka chini ya picha ya saba, pale ambapo wanaume wengi hukaza mkono. Akaandika *polepole*. Zikabaki mbili, akaziacha.

*

Kifurushi kilikwenda. Hapakurudi nukta yoyote.

Alikuwa amejiandaa, lakini kujiandaa na kimya si sawa na kukisikia. Dakika mbili zikapita, zile ambazo wa Kituo cha Tatu alikuwa akijibu. Ikapita robo saa ya wa Kwanza, ambaye hunywa chai kabla. Bi Mize alibaki ametazama mahali pa nukta kama mtu anayetazama barabara. Mishale sita ilikuwa imesimama juu ya tano, tarakimu ya siku ile, lakini hiyo haikumwambia kitu. Pampu hujisomea zenyewe hata kama nyumbani hakuna mtu.

Katika dakika ya kumi mshale wa Saba ulitoka kwenye nane. Ukashuka, haukutikisika wala kusita, ukasimama juu ya tano.

Shadya alitoa pumzi iliyokuwa imemkaa tangu jana. Bi Mize aliinama akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Siku zilizofuata zilifanana. Asubuhi alibana, akatuma, akakaa. Daktari Kidawa alikuja na ushonaji wake ili wakae wawili, hakusema ni kwa ajili hiyo. Mchana Bi Mize aliyaandika maneno ya vituo saba kwenye karatasi, kama kawaida yake, kisha akayaweka kwenye droo. Siku ya nne hakuweza kuandika la wa Tano. Aliandika jina, akabaki hapo. Siku ya tano alimsikia Shadya akimwambia mtu kwamba bibi amepungua, apikiwe samaki. Samaki walikuwa wa kopo, na hapo Mirihi kopo moja lilikuwa la mwezi mzima. Lililetwa limefunguliwa tayari, ili asipate kulikataa.

Siku ya saba vumbi lilichanika kwa muda mfupi mno, kama pazia lililoguswa, na mwali wa mwanga ukafika kutoka mnara wa Tatu kwa sekunde chache. Ulipitisha neno moja kabla haujapofuka tena. *Amegeuka.* Daktari alilisoma, akaketi, akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona. Vituo vingine havikupata bahati hiyo. Hawakujua kitu juu ya wa Tano, wala wa Pili, wala wengine.

Kwa hiyo, katika bonde zima, aliyebaki kuonekana alikuwa yule mmoja. Kila asubuhi Bi Mize aliandika tarakimu, na kila asubuhi, baada ya dakika kumi, mahali fulani mwisho wa bonde mkono wa mzee ulishika koki ukaizungusha hadi hapo alipomwambia. Alianza kumhesabia hatua: sasa ameamka, sasa anauona ukurasa, sasa anakwenda kwa kupapasa ukuta. Alijiuliza kama naye ameona kuwa chini ya ukurasa hapana tena jina la mtu. Miaka sita alikuwa akiyasogelea maandishi yale madogo hata yalipobaki doa machoni pake, ili tu ajue Bi Mize yupo. Sasa amesogea na kukuta patupu. Huenda alidhani mwenye jina amekufa.

Siku ya nane tarakimu ilikuwa nne. Katika dakika ya kumi mshale wa Saba ulifika nne. Haukutulia hapo. Ulishuka mpaka tatu, taratibu sana, ukakaa chini kidogo, ukapanda tena hadi nne, na hapo ukatulia.

Shadya alisema ni vumbi kwenye waya.

Siku ya tisa tarakimu ilikuwa sita. Mshale ulifika sita. Ukashuka hadi tano, taratibu, ukakaa chini muda uleule, ukainuka.

Bi Mize alikuwa amekwisha kusimama. Alisimama kwa shida, akishikilia ukingo wa meza, kwa sababu aliyaona yale kwa macho ya kwao: mdogo anaingia barazani, anakunja goti mbele ya mkubwa wake, anangoja. Mtu yule alikuwa amekosa jina, amekosa salamu, amekosa mahali pa kugusa, akatafuta ndani ya nyumba yake kitu kinachoweza kuinama. Akaipata koki, akainamisha hewa yake mwenyewe.

Uzi wa redio ulikuwa umefungwa mpaka kesho. Hapakuwa na njia yoyote ya kumfikishia jibu.

"Marahaba, Kombo," alisema Bi Mize, kwa sauti, mbele ya ukuta. "Marahaba, ndugu yangu. Nipo."

Kisha akaketi, akaanza kutafuta katika kurasa za kesho mahali pa kukamua herufi nne za *Nipo*.